Kama Ibrahimu Angetafuta Shamba Keringet

Ardhi ya Keringet haihitaji kupigiwa debe. Udongo ni wa volkano, mvua haiendi mbali, baridi inapendwa na viazi na majani chai. Jina la mji huu mdogo wa Kuresoi Kusini linasomwa kwenye chupa za maji na watu wa Mombasa wasioweza kuuonyesha kwenye ramani, na Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mara tatu mfululizo, alisoma sekondari hapa, Winners Girls. Mtu akitua na pesa zake akitafuta shamba, maswali yake ni yale yale ya kila mnunuzi. Maji yako umbali gani? Lori la viazi linapita mvua ikinyesha? Ekari ni pesa ngapi? Hati ipo, na jina lililoandikwa ni la nani?

Ni maswali ya maana, ila yote yanamhusu mnunuzi na shamba tu.

Chukulia mnunuzi mwenyewe ni Ibrahimu, yule baba wa imani ambaye Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanagombea kumwita wao. Ametoka Uru akapitia Harani, anaishi hemani katika nchi ya watu, na fedha anayo ya kupimwa kwenye mizani. Dalali yeyote wa Keringet angemkaribisha chai. Bodi ya ardhi ingemrudisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 1967 inataka kila mauzo ya shamba la kilimo yapate kibali cha bodi ya eneo, na kifungu chake cha 9 kinaiamuru bodi ikatae pale mnunuzi asipokuwa raia. Haikuachiwa hiari. Mlango pekee uliobaki ni msamaha wa Rais. Katiba ya 2010 ikaongeza komeo: kwa kifungu cha 65, asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kupangishwa, na muda huo hauvuki miaka 99. Hata hati za miaka 999 walizoanza kupewa walowezi kwa sheria ya 1915, zile zilizokuwa bado mikononi mwa wageni zilipunguzwa kuwa 99 tangu Katiba ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti. Uganda nayo imesimama kwenye miaka 99, na Tanzania haimpi mgeni ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji.

Je, nchi inayomfungia mgeni mlango wa shamba imevunja amri ya ukarimu? Swali hili si jepesi kama linavyoonekana katika nchi ambayo kila Jumapili huimba upendo wa jirani. Torati inarudia mara nyingi kwamba mgeni asionewe, kwa kuwa wana wa Israeli nao walikuwa wageni Misri. Qurani inamtaja msafiri miongoni mwa wanaostahili zaka. Na milimani huku, mgeni anayeondoka bila kuonjeshwa maziwa ya mursik amemwachia aibu mwenye boma.

Immanuel Kant, ambaye hakuwahi kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, aliligawanya swali hili vizuri kuliko wengi waliozunguka dunia. Mwaka 1795, katika kijitabu chake kuhusu amani ya kudumu, alisema mgeni ana haki ya kufika kwa watu bila kutendewa kama adui. Kukaa ni jambo jingine. Kukaa kunahitaji mapatano. Miaka miwili baadaye alisogea hatua moja mbele: hata pale wenyeji walipo wafugaji au wawindaji wanaohitaji nafasi kubwa, mgeni asijenge ila kwa mkataba, na mkataba huo usiwe wa kutumia ujinga wao. Aliyaandika hayo zaidi ya miaka mia moja kabla mlowezi wa kwanza hajachomeka kigingi Njoro. Hakuna dalili kwamba walowezi walimsoma.

Ibrahimu hakuhitaji kumsoma. Sura ya 23 ya Mwanzo ni mojawapo ya maelezo kamili zaidi ya ununuzi wa ardhi yaliyotufikia kutoka zamani, na inafaa kusomwa polepole na yeyote anayewinda kiwanja ugenini. Sara amefariki huko Hebroni. Mumewe anasimama mbele ya Wahiti na neno lake la kwanza ni kukiri kwamba yeye ni mgeni na mpitaji kati yao. Wanampa pole na kumwambia azike popote apendapo, bure. Anainama kuwashukuru, kisha anakataa. Anataka pango la Makpela, mali ya Efroni, na anataka kulilipia. Efroni naye anajifanya mkarimu: chukua tu, shamba la shekeli 400 ni kitu gani kati yetu? Yeyote aliyewahi kukaa na muuza ng'ombe sokoni anaitambua hiyo bei iliyotajwa kwa sauti ya kutotaka bei. Ibrahimu habishani. Anapima fedha halali ya wafanyabiashara, na maandiko yanaorodhesha alichonunua: shamba, pango, na kila mti uliosimama ndani ya mipaka. Yote yanafanyika langoni pa mji, mbele ya wote wapitao.

Kuna mambo mawili hapo. Kwanza, mzee huyu alikuwa na ahadi ya Mungu kwamba nchi yote ingekuwa ya uzao wake, na bado hakuitumia ahadi hiyo kama hati. Hakuwaambia Wahiti kwamba Mbingu zimekwisha kuamua. Alilipa. Pili, alikataa zawadi, kwa kuwa iliyotolewa kwa mdomo hurudishwa kwa mdomo, na kizazi kinachofuata hakitakumbuka ukarimu wa babu zake. Alitaka mashahidi. Na ushahidi wa hadharani hufunga pande zote mbili: mnunuzi hawezi kusogeza mpaka usiku, na jirani hawezi kuja baadaye kusema hakumjua mtu huyu.

Mtu atauliza: mbona Hebroni yenyewe haina amani? Ni kweli. Pango hilo, ambalo Waislamu huliheshimu kama Msikiti wa Ibrahimu, limegawanywa leo baina ya waumini wa dini mbili chini ya ulinzi wa askari, na Februari 1994 mtu mmoja mwenye silaha aliwaua Waislamu 29 waliokuwa wakiswali ndani yake. Mashahidi wa Kihiti walikwisha kufa zamani. Mkataba mwema haulindi vizazi vyote, na anayedai kwamba unalinda anauza kitu kisichokuwapo.

Sasa turudi milimani, kwa wanunuzi waliokuja na ramani.

Aprili 1903, kule Kishinev katika himaya ya Urusi, Wayahudi 49 waliuawa katika ghasia. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa amepanda reli ya Uganda mwishoni mwa 1902 na kuvutiwa na nyanda za juu. Akamweleza Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, kwamba kuna nchi yenye baridi nzuri ambako watu wake wangeweza kukimbilia. Agosti 1903 pendekezo hilo likafikishwa mbele ya mkutano wa sita wa Wazayuni mjini Basel. Mradi uliitwa wa Uganda, ingawa uwanda wa Uasin Gishu uliokusudiwa ulikuwa umehamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo, mwaka mmoja kabla. Kura 295 zilikubali kutuma tume ikaangalie, 178 zilikataa. Wajumbe kutoka Urusi, pamoja na wale waliotoka Kishinev kwenyewe, walikuwa miongoni mwa waliopinga kwa uchungu zaidi. Walikuwa wanatafuta Sayuni, na Sayuni ina mahali pake. Max Nordau, aliyeutetea mradi kama makazi ya muda tu, alifyatuliwa risasi na kijana mmoja Paris Desemba ile, zikamkosa.

Ni mara chache sana watu hubishana kwa kina cha namna ile kuhusu uchaguzi wa eneo. Je, usalama wa mwili unatosha, au nafsi inadai ardhi yake maalumu? Mtu anaweza kuwa na nyumbani kuwili? Je, ni usaliti kukubali kimbilio pale unapongoja urithi? Maswali ya kidini kabisa, na yaliulizwa kwa machozi. Ila karibu yote yaliulizwa juu ya wanaokuja. Mwanzoni mwa 1905 tume ya watu watatu, Meja Gibbons, Alfred Kaiser na Nahum Wilbusch, ilitembelea uwanda huo. Gibbons aliona unaweza kubeba walowezi kiasi. Wilbusch hakuona kitu. Wenyeji walihesabiwa hasa kama suala la usalama. Mkutano wa saba, mwaka huo huo, ukaukataa mradi. Na Oktoba 19, 1905, afisa wa jeshi la Uingereza Richard Meinertzhagen akamuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika kikao kilichoitishwa kwa jina la mapatano. Nchi iliyojadiliwa Basel kana kwamba swali lake kubwa ni hali ya hewa ilikuwa vitani.

Uwanda ule ulionekana mtupu kwa sababu. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya karne ya 19, na Wanandi walikuwa wakilisha huko. Lakini mgeni anayepita akitafuta moshi wa jikoni husoma nyasi ndefu kama karatasi ya umiliki. John Locke alikuwa ameshamwandalia hoja mwaka 1689: ardhi huwa ya mtu anapochanganya nayo kazi ya mikono yake. Locke mwenyewe aliwahi kuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, jambo ambalo husahauliwa anaposomwa darasani kama mtetezi wa uhuru. Kwa kipimo chake, anayelima amemiliki. Anayehamisha ng'ombe kufuata mvua amepita tu. Waislamu nao wana kanuni ya kuhuisha ardhi iliyokufa, lakini mafakihi waliizungushia masharti: kwanza ithibitike kwamba imekufa kweli, na kwamba si malisho wala njia ya mtu.

Mlowezi Lord Delamere angefaidika na sharti hilo, hata kwa ubinafsi tu. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Nyasi zilikuwa tele na mifugo hakuna. Akaleta kondoo wa gharama, wakadhoofika na kufa. Wamaasai walikuwa wakiyakwepa malisho yale kwa kuwa walijua hayamjengi mnyama. Baadaye wataalamu walikuja kuona kwamba sehemu za Nakuru zina upungufu wa kobalti, na ugonjwa wake ukapewa hata jina la Nakuru. Utupu alioufurahia ulikuwa maarifa ya watu wengine. Alitapanya mali nyingi kujifunza jambo ambalo mchungaji yeyote angemwambia kwa gilasi ya maziwa.

Makaburu waliofuata hawakuwa wajinga wa shamba. Agosti 1908 msafara wa Van Rensburg uliondoka Nakuru na magari ya ng'ombe, ukavuka misitu na matope, ukafika Sergoit Oktoba. Walibeba Agano la Kale na imani kwamba wao pia ni taifa linalovushwa jangwani. Mji ukaota penye shamba namba 64, na watu wa Eldoret hadi leo huuita Sisibo. Walilima ngano vizuri sana. Uhuru ulipokaribia, wengi wao walifungasha na kurudi kusini, baada ya nusu karne tu. Walikuwa na hati za serikali. Ruhusa ya langoni hawakuwahi kuiomba.

Hoja ya makala haya basi ni kwamba anayechagua eneo la kununua ugenini hachagui udongo kwanza. Anachagua watu ambao atakuwa mgeni wao. Waarabu husema jirani hutangulia nyumba, na sheria ya Kiislamu imeipa busara hiyo meno: kwa haki ya shufaa, mshirika katika mali, na kwa baadhi ya madhehebu hata jirani, ana haki ya kuinunua kabla haijaenda kwa mtu wa nje.

Lakini hoja hiyo ina makali mawili, na hakuna mahali panapolijua hilo kuliko Kuresoi.

Olenguruone iko jirani tu na Keringet. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilihamishia huko Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika nchi ya Wamaasai. Serikali ikasema ni wapangaji, watafuata masharti ya kilimo au waondoke. Wao wakasema ardhi hii ni fidia ya ile tuliyonyang'anywa Kiambu, kwa hiyo ni yetu na ya watoto wetu. Wenyeji wa zamani wa milima ile hawakuketi kwenye kikao chochote cha mabishano hayo. Walipoona wanabanwa, wahamiaji wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika utafiti wake kuhusu maskwota, ameonyesha jinsi kiapo hicho kilivyokuwa mojawapo ya mizizi ya Mau Mau. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta. Pale ambapo lango halikuwapo, watu walijitengenezea shahidi wao: Mungu, damu na udongo.

Baada ya uhuru yakaja mauzo halali kabisa. Mzungu anaondoka, kampuni ya wanunuzi inachanga senti za wanachama maskini, mawakili wanaandika, mashamba yanagawanywa. Aliyechanga alilipa kwa jasho lake na hakumdhulumu mtu. Lakini mapatano yalifanyika ofisini, baina ya anayeondoka na anayekuja. Aliyekuwa amesimama nje ya ua tangu enzi za babu yake, akiamini siku Mzungu akiondoka ardhi itarudi, hakuulizwa wala hakuitwa kushuhudia. Mwaka 1992, 1997 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, Molo na Kuresoi ziliwaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima katika ghasia za mwisho. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo wenye hati safi zisizo na doa.

Hapa ndipo mtetezi wa ruhusa ya jirani lazima ajihadhari. Ikiwa jirani ana haki ya kuulizwa, je, ana haki ya kubadili mawazo kila baada ya miaka mitano, wanasiasa wanapokuja na orodha zao? Hapana. Nabothi wa Biblia alikuwa na haki ya kukataa kumuuzia Mfalme Ahabu shamba la mizabibu. Jirani zake Nabothi, waliokubali kutoa ushahidi wa uongo hadi akapigwa mawe, hawakuwa na haki yoyote. Haki ya kuulizwa hufika kabla ya fedha kupimwa. Baada ya hapo inageuka wajibu wa kulinda kilichoshuhudiwa. Aliyekosa kuulizwa ana dai dhidi ya serikali iliyomruka, na dai hilo linaweza kuwa zito sana, lakini halimpi kiberiti.

Kwamba dai kama hilo linaweza kwenda mahakamani, Waogiek wamethibitisha. Msitu wa Mau, kuanzia Tinet hapo karibu hadi Mariashoni na Nessuit, ndio wanaouita nyumbani, na wamefukuzwa humo mara nyingi kwa jina la uhifadhi. Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Haki ya mali ilikuwamo. Ilikuwamo pia haki ya kuabudu, kwa kuwa ibada zao na maziko yao yamefungamana na msitu ule, na mtu aliyetolewa humo amenyimwa hekalu. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila, na ardhi yao ipimwe wapewe hati ya pamoja. Hakimu yeyote angepata shida kuitia bei ibada. Angalau wa Arusha walikiri kwamba ina thamani.

Katika hali hiyo, bodi ya ardhi inayokutana makao ya kaunti ndogo si urasimu mtupu, hata kama mara nyingi hufanya kazi kama urasimu mtupu. Sheria inataka wengi wa wajumbe wake wawe watu wa eneo hilo wenye mashamba au wanaoyalima. Muuzaji huja na mkewe. Mwenyekiti humgeukia mama na kumuuliza, "Mama, unajua mzee anauza? Umekubali?" Mama akinyamaza muda mrefu, faili hurudi chini. Ni lango la Hebroni lenye mihuri. Udhaifu wake unajulikana: kikao cha dakika chache, dalali aliyetangulia kuzungumza na mtu, mama aliyeletwa ambaye si mwenye boma. Lakini umbo lake ni sahihi, na wanaotaka lifutwe ili pesa zitembee haraka waeleze kwanza watamweka nani mahali pa mashahidi.

Wakenya nao wamegeuka wanunuzi wa kigeni. Wenye uwezo wananunua Dubai, ambako tangu 2002 maeneo maalumu yamefunguliwa kwa wageni, na ambako swali la jirani limetatuliwa kwa kuwa karibu kila jirani ni mgeni pia. Wengine wana nyumba Texas na Minnesota. Na hapo sheria ya nyumbani ina mtego wake. Kabla ya Katiba ya 2010 Kenya haikuruhusu uraia pacha. Aliyeapa kuwa Mmarekani mwaka 2005 aliacha kuwa Mkenya siku hiyo hiyo, na hawi Mkenya tena mpaka aombe kurudishiwa. Mtoto wa Keringet wa namna hiyo akitaka kununua ekari mbili zinazopakana na boma la baba yake, wajumbe wanaomjua kwa jina la babu yake wanalazimika kisheria kumkatalia kama wangemkatalia Ibrahimu wa Uru. Siku hiyo hiyo mtu asiyewahi kulala usiku mmoja katika baridi ya Kuresoi, ila ana kitambulisho cha Kenya, anaweza kupata kibali kabla ya chakula cha mchana.